Watu wa Kidole Gumba

Kuna mambo mawili yanayonipandisha hasira upesi: mteja aliyechelewa mwenyewe halafu ananiharakisha mimi, na mtu anayegusa kioo cha kompyuta yangu kwa kidole. Hilo la pili nimelibandikia karatasi ukutani: USIGUSE. Baba ndiye aliyeniandikia, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na mwishoni akaweka nukta. Alikuwa mchora mabango kwa miaka thelathini na minane, na hakuna bango alilolimaliza bila nukta. KINYOZI. MAZIWA. TUNASHONA SURUALI. Wenye maduka walilalamika kwamba nukta haina kazi pale. Yeye aliwajibu kwamba nukta ndiyo inayompa ruhusa ya kushuka kwenye ngazi.

Magoti yalipomkataza ngazi, akahamia kwenye vitu vidogo. Anachonga watu kwa kisu, kwenye mti laini, urefu wa kidole gumba. Anawapaka rangi nyeupe, kisha anawachora: nguo kwanza, mikono, uso mwisho. Si watu wa kubuni. Ni wa mtaani kwetu hapa: fundi viatu, muuguzi mwenye soksi zisizofanana, mlinzi wa benki, na mimi mwenyewe nikiwa nimenuna. Nilipomuuliza kwa nini asinichore nikicheka, alisema anachora anachokiona. Wote wanakaa sebuleni kwenye rafu mbili, wakitazama mlango.

Halafu macho yakaanza kumchezea. Mbali anaona vizuri. Akikaa dirishani anakutajia nani anakuja kutoka mwisho wa barabara na kama ana deni la salamu. Karibu ni ukungu, na daktari alishasema hakuna miwani itakayoutoa. Anachora chini ya lenzi kubwa yenye taa, kwa brashi ya nywele tatu, na anachokiona pale, kwa maneno yake, ni rangi iliyomwagika kwenye uji. Mkono unajua njia, basi anaufuata. Ila akimaliza, hawezi kujua amechora nini.

“Leta nikupigie picha,” nilimwambia. “Uwaone wakubwa.”

Ndivyo tulivyoanza. Kila Jumatano mchana, wateja wakiwa wachache, baba alikuja kwenye studio yangu ya picha na kisanduku cha viatu kilichojaa pamba, watu wake wamelala humo ndani.

“Haya bosi,” anasema akivuta kigoda, “wateja wangu hawana haraka.”

Mtu wa kidole gumba hapumui, na hiyo peke yake ni raha. Lakini kila kitu kingine kinamtikisa: mlango ukifungwa kwa nguvu anatikisika, lori likipita anatikisika, baba akipiga chafya tunaanza upya. Nilikunja karatasi nyeupe ikawa sakafu na ukuta kwa pamoja. Nikaweka taa mbili za mezani, moja kila upande, nikazifunika kwa karatasi ya kuokea keki ili mwanga ulainike. Kwa ukaribu ule lenzi ya kamera haiwezi kushika vyote kwa mpigo mmoja. Ikishika pua, masikio yanapotea. Basi napiga kumi na mbili, moja ya pua, moja ya shavu, moja ya sikio, mpaka nyuma ya kichwa, halafu programu inazishona ziwe picha moja iliyo wazi kila mahali.

Wa kwanza alikuwa fundi viatu. Nilipomweka kwenye kioo amejaa kutoka juu hadi chini, baba akasema, “Kumbe nilimwekea na msumari mdomoni!” Alikuwa amesahau. Alicheka hadi akakohoa. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyofungua studio.

Sasa niseme nilichofanya. Mwanzo nilirekebisha mwanga tu. Taa zangu zinatia umanjano, nikautoa. Kisha vumbi: mtu akikuzwa kiasi kile, chembe ya vumbi inakuwa jiwe. Kuna kifaa kwenye programu chenye alama ya plasta, kama ile ya kubandika kwenye kidonda. Unabofya juu ya chembe, inapotea, na rangi ya jirani inajaza pengo. Nikabofya. Kisha nikaona mstari wa kola ya muuguzi. Ulikuwa unayumba. Mkono wa baba ulikuwa umeanza kutetemeka, na hilo nililijua kutoka mezani nyumbani, maana kikombe chake cha chai kilikuwa kinagonga kisahani kabla hajakiinua. Nikaunyoosha ule mstari kidogo. Nikajiambia ni huo mmoja tu.

Kazi yangu ndiyo hiyo kutwa. Watu wanaleta nyuso zao na wanaondoka na nyingine. Nitolee chunusi, nipunguzie kidevu, hili jicho lifungue. Nafanya, na hakuna aliyewahi kurudi kunishtaki. Kwa hiyo sikuona tabu. Kufikia mwezi wa nne wa Jumatano hizo nilikuwa nanyoosha mikanda mizima, narudisha vifungo vilivyoruka nje ya koti, naweka mboni katikati ya macho. Yote nilifanya kwenye tabaka la juu, ambalo ni kama karatasi ya plastiki iliyolazwa juu ya picha. Ukilizima, picha halisi iko chini yake, haijaguswa. Baba hakujua kuna tabaka wala kuna chini. Alijua anachoonyeshwa, na alichoonyeshwa kilimpa furaha. Aliingia studio ameinama, akatoka ameinua mabega.

Jumatano moja alimtazama mlinzi wa benki kwa muda mrefu.

“Kuza mkanda,” akasema.

Nikakuza. Ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula, na kweli ulipigwa rula, ila ya kwangu.

“Mkono umerudi,” akasema. Akautazama mkono wenyewe, ukiwa umetulia gotini. “Sasa naweza kumchora mama yako.”

Mama alikuwa amelala kwenye kisanduku cha kiberiti kwa miaka sita. Baba alimchonga mwaka ule wa mwisho, akiwa amekaa kando ya kitanda chake, na mama akimwelekeza kutoka kwenye mito: nipunguzie makalio, niongezee shingo. Alipofariki, kisanamu kilikuwa kimeshapakwa ile rangi nyeupe ya kwanza, hakina uso. Baba alikifunga kwenye kiberiti na kusema atakichora siku atakayouamini mkono wake. Watu wote wale wa rafuni walikuwa mazoezi. Nilijua hivyo, sikuhitaji kuambiwa.

Pale ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Nina ulimi mkali, waulize wateja wangu. Siku hiyo ulilala. Alikuwa ananitazama kwa furaha kiasi kwamba nilichoweza kusema ni, “Haya, baba.”

Ilimchukua siku kumi na moja. Alipokuja, hakuwa na kisanduku cha viatu. Alikuwa na kiberiti kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Akakiweka mezani.

“Usiniambie kitu,” akasema. “Nitamwona mwenyewe.” Akatoka kukaa kwenye benchi nje, maana hakuweza kusubiri akiwa ndani.

Nilipiga zile kumi na mbili, nikaziunganisha, nikamfungua kwenye kioo. Nyusi moja ilikuwa juu ya mwenzake. Kola ya gauni ilikuwa inapanda na kushuka. Lakini alikuwa ni yeye. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, vile alivyokuwa akikiinamisha mama ukimdanganya naye anakuachia umalize. Nililia, nikapenga kamasi, nikaanza kazi. Nilitaka awe mzuri kuliko wote. Nikanyoosha kola, nikashusha nyusi. Vumbi la siku ile lilikuwa jingi kwa sababu ya pamba ya kiberiti, nikabofya, nikabofya, bila kuhesabu. Nilipomaliza alikuwa safi kabisa. Nikamwita baba.

Alikaa. Alitazama kwa muda mrefu hata nikaanza kujipongeza.

“Kuza uso,” akasema.

Nikakuza.

“Zaidi. Shavu la kushoto.” Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. “Ndiyo hili?”

“Ndilo. Kuna nini, baba?”

“Nilidhani nimegusa.” Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na nafsi yake. “Kumbe brashi ilipita hewani.”

“Ulidhani umegusa nini?”

“Basi,” akasema. “Picha nzuri. Umefanya kazi nzuri.” Akamchukua mama pale kwenye karatasi nyeupe, akamrudisha kwenye kiberiti, akaenda zake nyumbani peke yake. Mimi nikabaki na kipanya cha kompyuta mkononi. Jioni hakula. Kesho yake hakuwasha taa ya lenzi, wala siku iliyofuata. Nilipomuuliza alisema amechoka tu.

Siku ya nne akanipigia simu shangazi. Shangazi ni dada yake baba, mshonaji, na akipiga simu hasalimii kama ana jambo.

“Umemfanya nini kaka yangu?”

“Nimemfanya nini tena?”

“Kaniletea brashi zake zote asubuhi hii, zimefungwa na kamba. Eti nisafishie cherehani. Brashi za nywele tatu, mimi nitoe nazo mafuta ya mashine! Nimemuuliza, kasema mkono umekwisha. Alikuwa mzima wiki iliyopita, anaimba. Kuna nini?”

“Sijui, shangazi. Alimchora mama. Nikamwonyesha picha, akasema alidhani amegusa, kumbe hakugusa.”

“Hakugusa wapi?”

“Shavuni. Shavu la kushoto.”

Nilikuwa nimeshika simu kwa bega, na kwa mkono nikaifungua ile picha. Nikakuza shavu. Lilikuwa safi. Nikalizima tabaka la juu. Mavumbi yote yakarudi kwa pamoja, meupe ya pamba, yametapakaa kwenye gauni na kwenye nywele. Na kando ya pua, shavu la kushoto, kulikuwa na chembe moja isiyokuwa nyeupe. Ilikuwa ya kahawia iliyokolea, ya mviringo, na ilikuwa inang'aa kama rangi inavyong'aa.

“Shangazi,” nikasema, “mama alikuwa na kidoa usoni?”

Nilisikia mkasi ukiwekwa mezani.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “unaniuliza mimi? Wewe uliyekuwa hunyonyi mpaka kidole chako kikae pale? Wifi yangu alikuwa anakutoa mkono, unaurudisha. Anakutoa, unaurudisha. Tulikuwa tunacheka mpaka basi. Umesahau?”

Nikainua macho. Juu ya kaunta yangu, mbele ya kila anayeingia, nimetundika picha ya mama. Ndiyo hiyo iliyowekwa mbele siku ya msiba, na nyingine kama hiyo iko sebuleni nyumbani. Niliitengeneza usiku ule alipofariki, nikiwa nalia na kubofya, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Ina ngozi laini, haina alama hata moja. Kwa miaka sita nimekuwa nikiwaonyesha wateja: tazameni, hivi ndivyo ninavyosafisha. Mama yangu mzazi. Nilimfuta mara ya kwanza, nikamtazama aliyefutwa mpaka nikamsahau aliyekuwepo, halafu baba akamrudisha kwa mkono unaotetemeka nami nikamfuta tena.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Shangazi alikuwa bado anaita kwenye simu. Nikamwambia asiziguse brashi.

Dawa niliiona upesi, na ilikuwa rahisi. Nitakirudisha kidoa peke yake. Kola ibaki imenyooka, nyusi zibaki sawa, nimwambie baba kwamba kompyuta ilifuta kwa bahati mbaya. Nikimwambia ukweli wote, nitampa kidoa kwa mkono mmoja na kwa mwingine nimnyang'anye mlinzi wa benki, muuguzi, na ule mkono aliodhani umerudi. Nikaiandaa picha hivyo. Nikafunga studio saa tano asubuhi na mteja amesimama mlangoni.

Nilimkuta baba jikoni anaosha vikopo vyake vya rangi.

“Twende studio,” nikasema. “Mchukue na mama.”

“Kuna nini?”

“Twende tu, baba.”

Alipokaa kwenye kigoda nilikuwa nimeshakuza. Aliinama mbele.

“Hicho hapo,” akasema.

“Kompyuta ilidhani ni vumbi, ikakifuta. Nimekirudisha.”

“Kompyuta!” Akacheka, akajifuta macho kwa kiganja. “Nilijua nimegusa. Nilisikia kabisa brashi ikigusa.” Akacheka tena, kisha akauliza hivi hivi, bila kuwaza lolote, “Na nini kingine ilidhani ni vumbi?”

Ningejibu hakuna, yangeisha. Angekwenda kudai brashi zake kwa shangazi jioni hiyo hiyo. Lakini mama alikuwa pale kwenye kioo, mkubwa kuliko sisi wote wawili, ameinamisha kichwa upande, anasikiliza.

“Si kompyuta, baba,” nikasema. “Ni mimi.”

Nikamwaga mtama wote. Nilianza na muuguzi, nikaja kwa fundi viatu, nikamaliza kwa mlinzi wa benki, na kwa kila mmoja nilizima tabaka la juu akiwa anaangalia. Mkanda wa mlinzi ulikuwa unapita tumboni ukipanda na kushuka. Baba akarudi nyuma auone vizuri.

“Kwa hiyo haukurudi.”

“Haukurudi, baba.”

“Miaka thelathini na minane,” akasema, “sijawahi kushuka kwenye ngazi mtu akapanda nyuma yangu kuninyooshea herufi.”

Nilitamani anitukane. Angenitukana ningejua pa kushika. Alikaa tu, mikono gotini, wa kulia ukitetemeka na wa kushoto umeushika.

“Mlete mama yako,” akasema mwishowe. “Yeye mwenyewe.”

Nikafungua picha ya mama bila tabaka, na mavumbi yake na kila kitu. Baba akasogeza kigoda.

“Kola inayumba.”

“Ndiyo.”

“Nyusi hii iko juu.”

“Ndiyo, baba.”

“Na kidoa?”

“Kidoa kiko pale pale ulipokiweka. Hicho hakijayumba.”

Akaguna. Akautazama ukuta juu ya kaunta, ambako yeye anaona vizuri kuliko mimi.

“Ile picha niliiona siku ya kwanza kwamba haina kidoa,” akasema. “Nikanyamaza. Ulikuwa unalia, nikasema ngoja alie. Baadaye ikawa nimechelewa kusema. Ndiyo maana nilitaka nimchore. Nyumba nzima ilikuwa haina mahali kile kidoa kilipo.”

“Nilikuwa nimekisahau, baba,” nikasema. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko mikanda na kola zote. “Sikukificha. Nilikisahau. Nilimuuliza shangazi kama mama alikuwa nacho.”

Alinigeukia. Nilidhani sasa ndiyo atakasirika. Badala yake aliuchukua mkono wangu kutoka kwenye kipanya, akanyoosha kidole changu cha shahada kama mtu anayemshikisha mtoto chaki, na mkono wake ukitetemeka, na wangu ndani yake ukitetemeka nao, akakipeleka hadi kwenye kioo, kando ya pua, shavu la kushoto.

“Kidole chako kilikuwa kinakaa hapa,” akasema.

Tulikaa hivyo mpaka mkono wake ukachoka.

Brashi zilirudi, zinanuka mafuta ya cherehani, na shangazi akadai shukrani. Baba bado anachora. Mistari yake inayumba na mimi naiacha iyumbe, natoa umanjano wa taa, natoa vumbi, na kabla ya kubofya plasta mahali popote namuuliza, “Hii ni vumbi au ni wewe?” Wakati mwingine anasema ni vumbi. Wakati mwingine anafikiri sana, kisha anasema, “Ni mimi, acha.” Picha ya mama ya juu ya kaunta nimeishusha, na ya sebuleni pia. Niliitafuta ile halisi kwenye diski ya zamani siku nzima, nikaipata, nikaitundika na kidoa chake.

Juzi alikuja mama mmoja kupigwa picha ya pasi. Alipoinama kuchagua iliyo nzuri, akaona alama ya kidole kwenye kioo cha kompyuta yangu, katikati kabisa, yenye mafuta ya muda mrefu. Akatoa leso kwa wema wake ili anifutie. Nilimkaripia mpaka akaruka. Halafu nikamwomba radhi, nikamvutia kigoda cha baba, nikamweleza kwamba pale penye alama ndipo lilipokuwa shavu la mama yangu.